Nilivyopata kiti Atomix bila suti, bila divai na bila mwenzi

Wakikwambia kwamba mgahawa wa nyota mbili za Michelin (kile kitabu kinachowapa nyota migahawa bora) pale New York hauingiliki mpaka uwe na mwenzi, suti na pesa za divai, wasikutishe. Mimi walinitisha muda mrefu. Kaka mmoja wa kazini alinishauri hata nile ugali nyumbani kabisa, eti vyakula vile ni vya kutazama tu. Ushauri mbovu kuliko huo sijawahi kupewa.

Mgahawa wenyewe ni Atomix, wa vyakula vya Kikorea, East 30th Street, Manhattan. Ilifunguliwa 2018 na mpishi Junghyun Park na mkewe Ellia, wale wale wenye mgahawa mwingine uitwao Atoboy. Kaunta yake ina viti 14 tu, na nafasi zikitolewa kwenye Tock, mtandao wa kuweka nafasi migahawani, zinakwisha hujapepesa macho. Lakini tazama watu wanatafuta nini: viti viwili. Kila mtu viwili! Mimi nikatafuta kimoja. Wawili wawili wakishajipanga, na mmoja wao akaahirisha, hicho kimoja nani atakigombea? Nikajiandikisha kwenye orodha ya kusubiri kwa siku zote za katikati ya wiki, nikawasha arifa na simu sikuizima hata kulala. Arifa ikanikuta kwenye treni ya PATH, ile ya kati ya New Jersey na Manhattan, tunakaribia stesheni ya Journal Square. Nikalipa papo hapo, kabla hatujaingia handakini mtandao ukakatika. Nilifurahi mpaka jirani yangu kwenye kiti akanipongeza bila kujua kwa lipi.

Ni pesa ndefu, sifichi. Andaa dola mia nne na ushee, na ukitaka divai uongeze nyingi tena. Mimi nilikunywa maji na chai, na hakuna aliyenikunjia uso. Shati safi lilitosha.

Kwanza unaletewa vijiti vya kulia uchague vyako. Halafu kila sahani inakuja na kadi yake yenye jina la Kikorea, viungo na maelezo. Isome kabla ya kuonja, maana wahudumu wanaeleza haraka na sahani ni nyingi. Samaki mbichi, vya kukaanga, vya mvuke, vya moto wa makaa, vyote vizuri, ila wali ndio ulionimaliza. Sisi watu wa Mombasa wali hatudanganywi. Ule punje zake zilikuwa zinang'aa, zimeshikana kidogo bila kuwa bokoboko, na kwa chini kuna ladha nzito ya supu ya mwani na samaki mkavu, kama ng'onda aliyetulizwa makali. Nilikula taratibu mpaka punje ya mwisho. Na nilishiba! Kwa hiyo nenda na njaa yako yote.

Kadi ni zako, usiziache mezani. Mimi huenda nazo kwenye maduka ya Wakorea kule Fort Lee, New Jersey, naonyesha jina la kiungo, na muuzaji ananipeleka moja kwa moja kwenye rafu yake.