Jakuzi la nyumbani: umeme unapotelea kwenye mfuniko

Bili ya kwanza ya umeme ikishafika, lawama zote huangukia pampu ya jakuzi, yaani lile beseni kubwa la maji ya moto. Pampu haina kosa kubwa. Kupasha maji lita 1,000 kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunataka uniti 1.16 za umeme. Jakuzi la watu wanne, lita 1,200, tuseme limejazwa Limuru au Njombe kwa maji ya nyuzi 18, litakula uniti 28 kufika nyuzi 38. Hita ya kilowati 3 itachukua saa tisa hadi kumi. Lakini gharama hiyo unailipa kila unapobadilisha maji tu, yaani kila miezi mitatu minne. Kinachofilisi ni joto linalotoroka usiku baada ya usiku.

Linatoroka na mvuke. Kila lita inayogeuka mvuke huondoka na uniti 0.67 hivi. Uso wa maji wa mita 3.5 za mraba ukishuka sentimita 1, umepoteza lita 35 na uniti 23 juu yake. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, bandika kipande cha tepu usawa wa maji, funika, asiingie mtu siku tatu, kisha pima. Maji yakiwa yameshuka sana na sakafu chini ya pampu ni kavu, mtuhumiwa ni mfuniko.

Unyanyue. Mfuniko mzima hauna uzito wa kutisha. Ukihitaji wanaume wawili, sponji la ndani limelowa, na sponji lililolowa halizuii joto tena. Kulianika juani hakusaidii sana, kwa sababu maji yalipita kwenye plastiki iliyokwisha kuchanika na yatapita tena. Pitisha kiganja pia kwenye mkunjo wa katikati asubuhi ya baridi: ukihisi uvuguvugu, mvuke unapita hapo. Kaza mikanda, kisha ongeza karatasi ya plastiki ya viputo ya mabwawa ya kuogelea, ikatwe kwa umbo la jakuzi na ielee juu ya maji, viputo vikitazama chini. Ni bei ndogo kuliko chochote kingine utakachonunua. Majakuzi ya kujazwa upepo ndiyo yanayovuja joto kuliko yote, hata kwa chini, kwa hiyo yawekee mkeka mnene wa sponji.

Wapo wanaosema kuzima na kuwasha upya kunakula umeme zaidi. Si kweli. Maji yaliyopoa hupoteza joto polepole, hivyo kupunguza daima kunaokoa, ingawa kwa usiku mmoja faida ni kidogo. Ukioga Jumamosi tu, teremsha hadi nyuzi 28, kisha Jumamosi asubuhi anza kupandisha: uniti 14, muda wa saa tano hivi. Walioko Ulaya au Kanada wasizime kabisa wakati wa barafu, maana maji yakiganda hupasua mabomba. Mkitoka majini, fungeni vali za hewa, zile zinazoingiza mapovu majini. Pampu ikiendelea kuvuta hewa ya baridi, hita inapambana bure.

Mwenye hita ya jua ana bahati. Tangulize lita 900 za maji baridi, ongeza lita 300 za nyuzi 60, na utaanzia nyuzi 28 na nusu. Nusu ya kazi imefanyika bila tokeni. Maji baridi yatangulie, kwa sababu ya nyuzi 60 yanaweza kuharibu ganda na mabomba.

Filta isuuzwe kila wiki kwa mpira wa maji wa kawaida, si mashine ya presha, inayopasua nyuzi zake. Ikiziba, maji hupungua kasi na hita hujizima yenyewe. Hapo wengi hununua hita mpya bila sababu. Weka pH (kipimo cha ukali wa asidi majini) 7.2 hadi 7.8 na klorini, dawa ya kuua vijidudu, 3 hadi 5 ppm, yaani miligramu kwa lita. Tumia klorini ya chembechembe aina ya dikloro: gramu 6 au 7 huongeza 3 ppm katika lita 1,200. Ile ya kalsiamu inayouzwa kwa mabwawa huacha ukoko wa chokaa kwenye hita, hasa kwa maji ya kisima, na hita yenye ukoko hupasha vibaya na kuungua mapema. Usichanganye aina mbili za klorini hata kwenye kijiko kimoja: huweza kulipuka.