Hatua ya Mwisho Kabla ya Ubao

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya neno moja. Kocha mkuu alikuwa na binti anayeshindana kuruka chini, yaani kuruka mbali hadi kwenye mchanga, na kila jioni alimpigia kelele ileile: "Paa! Paa juu!" Mimi nilikuwa msaidizi wake, nimetoka juzijuzi kusoma biomekanika, elimu ya jinsi mwili unavyojongea, na kila nikisikia hiyo "paa" nilikosa raha.

Darasani tunafundishwa kwamba kitu kikirushwa kwa pembe ya nyuzi 45 ndipo kinapofika mbali zaidi. Kwa jiwe ni karibu na kweli, maana mkono unaweza kulirusha kwa kasi isiyotofautiana sana kwa pembe yoyote. Mtu anayekimbia ni jambo jingine. Kasi yake karibu yote ni ya kwenda mbele, na mguu hugusa ubao wa kurukia kwa muda usiozidi sana sehemu ya kumi ya sekunde. Katika muda huo hawezi kujipatia kasi ya kwenda juu iliyo sawa na ile ya mbele. Akizitaka nyuzi 45, itambidi apunguze mbio, na umbali unatokana na hizo mbio. Ndiyo sababu warukaji wakubwa huondoka ubaoni kwa nyuzi 20 hivi. Tokyo mwaka 1991, Mike Powell aliporuka mita 8.95 na Carl Lewis, akisaidiwa na upepo, 8.91, hakuna hata mmoja aliyezikaribia 45.

Nikamweleza kocha hayo yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Sasa mwambie yeye."

Nikaweka simu kwenye stendi ubavuni mwa ubao, nikarekodi picha 240 kwa sekunde. Hatua ya pili kutoka mwisho hutakiwa iwe ndefu kidogo ili nyonga zishuke, na ya mwisho iwe fupi, mguu ushike ubao wakati mwili unaanza kupanda. Binti yule aliirefusha ya mwisho. Aliufukuzia ubao. Kisigino kilitua mbele sana ya nyonga, mwili umelala nyuma, na ardhi ikamrudisha alikotoka. Kila mrukaji hupoteza kasi kiasi anapokanyaga ubao, kwa sababu kupanda kuna gharama, lakini huyu alilipa gharama yote na kimo hakukipata. Tena alipoambiwa apae, alizidi kujilaza nyuma.

Nikamwonyesha picha, akaelewa papo hapo. Akaenda, akakimbia, akafanya vilevile.

"Mwalimu, mbona mimi nimehisi kabisa nimefupisha?"

Picha ilisema hajafupisha hata kidogo. Nikaanza kumweleza habari za goti na nyonga, naye akiitikia kwa adabu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mbio zake zilivyozidi kuwa za mtu anayehesabu. Kwa kasi ile hakuna anayeweza kuliamuru goti.

Aliyetegua kitendawili ni kocha. Aliniuliza ile hatua imezidi kwa kiasi gani, nikamwambia karibu futi moja. Akachukua chokaa, akachora mstari futi moja kabla ya ubao. "Leo ubao hauna kazi," akamwambia. "Rukia hapa." Nyonga hakuzitaja, wala goti, na neno "paa" safari hii alilimeza.

Alipouweka mguu kwenye chokaa hata mlio ulibadilika, ukawa mfupi na mkavu. Kocha akavuta futi kamba kutoka ubaoni, kama kanuni zinavyotaka, akasoma: pungufu kuliko kawaida yake. Binti akashusha mabega. Nikaomba kamba, nikapima kutoka ncha ya alama ya kiatu kwenye chokaa hadi kwenye mchanga. Ulikuwa mruko mrefu kuliko wowote niliowahi kumpimia kwa njia hiyo. Kocha akapima tena mwenyewe. Hakuniamini, na sikumlaumu, maana mtu wa biomekanika akipewa hiari ya kuchagua pa kuanzia kupima, atapata jibu analolitaka.

Tukaisogeza mbele kwa futi moja alama yake ya kuanzia mbio, ili mguu uangukie ubaoni bila kuufukuzia, na kocha akaifuta chokaa kwa soli ya kiatu. Kisha akataka kujua kwa nini miguu ya binti inashuka mapema angani. Nikamwambia hilo nalo linaanzia ubaoni: mguu ukikanyaga, mwili hupata mzunguko wa kuanguka mbele, na ukishaachana na ardhi hauwezi tena kuuondoa. Unaweza tu kuuchelewesha, kwa kujinyoosha au kwa kuzungusha mikono na miguu.

"Kumbe kila kitu ubaoni," akasema. "Basi kesho simu hiyo uje nayo imejaa chaji."