Pakiti Iliyokaa Pochini

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipa pochi yake nimtolee nauli ya bodaboda, na nyuma ya kitambulisho nikakuta pakiti ya kondomu iliyobanwa hadi ikawa bapa kama stempu, maandishi yamefutika kiasi kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki. Aliona aibu, mimi nilishukuru kwamba walau anafikiria kujikinga. Hata hivyo nilimweleza kwamba ile haifai tena, kwa kuwa mpira unaokaliwa kila siku katika joto la mfuko wa nyuma hudhoofika, na mwenyewe huja kugundua umeshapasuka.

Tukafika kwenye mafuta. Alikuwa amesikia kijiweni kwamba mafuta ya nazi huzuia kondomu isipasuke, ilhali mafuta hayo, pamoja na ya kupikia na ya kujipaka, huulegeza mpira ndani ya dakika chache. Anayehitaji kulainisha atumie kilainishi cha maji au cha silikoni. Pakiti nayo huchanwa kwa vidole, si kwa meno, ncha ya kondomu hubanwa ili hewa itoke, na kondomu mbili hazivaliwi pamoja kwa sababu husuguana zikachanika. Shuleni tulifundishwa kuuogopa UKIMWI kwa miaka mingi, lakini haya hatukuambiwa hata moja.

Kondomu hupunguza sana uwezekano wa kuambukizwa VVU, kisonono na klamidia. Kaswende, malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya HPV huweza kupenya pale ambapo ngozi haikufunikwa. Ndiyo maana nilifurahi Tanzania ilipoanza mwaka 2018 kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya HPV, inayosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kondomu ikipasuka na hali ya mwenzako huijui, dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28.

Kinachonikera zaidi ni kujitibu kimyakimya. Mtu anasikia maumivu akikojoa, ananunua nusu dozi duka la dawa, kisha anarudi kwa mwenza yule yule ambaye hana dalili yoyote (klamidia kwa wanawake wengi haina dalili), na mwezi ukipita analalamika kwamba ameuziwa dawa feki, kumbe ameambukizwa upya kwa sababu wawili hao hawakutibiwa pamoja.

Mdogo wangu aliitupa pakiti, akanyamaza, kisha akauliza, “Kaka, nilipima VVU wiki mbili baada ya tukio, si inatosha?” Nilimjibu kwamba kipimo cha tone la damu ya kidole huweza kukosa maambukizi mapya, hivyo arudie miezi mitatu itakapotimia tangu siku ile, na hadi hapo asiache kinga. Akahesabu kwa vidole, akapata katikati ya Novemba. Akataka kujua kama amwambie mwenzake sasa au asubiri majibu. Nikamwambia ampigie simu kabla bodaboda haijafika.