Neno nililomjibu yule mama

Wiki hii dada amejifungua salama mtoto wa kiume na ratiba ya mtihani imebandikwa, lakini kinachoninyima usingizi ni neno moja nililomjibu mama mmoja Jumatatu asubuhi katika wodi ya magonjwa ya akili.

Nilikuwa nimeshika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, nikikipindua taratibu ili damu isigande, wakati mama huyo, ambaye mwanawe yuko katika wiki ya sita ya kutumia dawa iitwayo klozapini, aliponiuliza: "Daktari wangu, ugonjwa uko kichwani, mbona kila wiki mnamtoa damu mkononi?" Nikamjibu, "Ni utaratibu, mama." Akasema, "Haya," akajifunga kanga yake upya, akanyamaza.

Jibu nilikuwa nalo. Usiku wa Jumapili nilikuwa nimedurusu magonjwa ya damu na tiba ya akili kwa pamoja, na klozapini ndiyo mahali masomo hayo mawili yanapokutana. Ni dawa tunayoikimbilia ugonjwa wa akili wa skizofrenia unapokataa dawa nyingine, lakini kwa watu wachache, takriban 1 katika kila 100, huziangamiza nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na vijidudu. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walifariki nchini Finland kwa sababu hiyo, nchi nyingi zikaiweka kando, hadi utafiti wa mwaka 1988 ulipoonyesha kuwa inawafaa wale walioshindikana kwa dawa nyingine. Ndiyo maana mwongozo ninaousoma unataka damu ipimwe kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kipindi ambacho hatari ni kubwa zaidi. Haya yote ningeyaandika mbele ya mtahini bila kusita, ila mama aliyeniuliza kwa Kiswahili chepesi nilimpa "utaratibu", neno ambalo ofisini humwondoa mtu dirishani.

Tangu hapo nimelijibu swali lake ndani ya daladala, nikifua, hata katikati ya sura ya himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), ambayo nimeisoma mara tatu bila kushika kitu. "Mama, dawa hii inamtuliza mwanao, lakini inaweza kuwapunguza askari walio ndani ya damu yake, tunawahesabu kila wiki ili wakipungua tuisimamishe mapema." Sentensi moja tu, wala haikuhitaji kitabu.

Alhamisi nilimfuata, nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwambia hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Na askari wakipungua, mtu anaonaje?" Nikamtajia homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Akashika mkono wangu. "Juzi usiku alilalamika koo. Nikampa maji ya chumvi asukutue, sikumwambia mtu, maana niliona koo si jambo la wodi hii."

Mwili ulinisisimka. Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari wa zamu. Joto likapimwa, halikuwa juu, damu ikatolewa upya, na tukasubiri kwa saa mbili ambazo sitazisahau. Nyutrofili 1,900 katika kila mikrolita ya damu. Katika jedwali la mwongozo wangu hiyo ni rangi ya njano, ya tahadhari, nami nikadhani dawa itasitishwa. Daktari akanikalisha, akanifafanulia kwamba wengi wetu Waafrika tuna nyutrofili chache kwa asili, bila ugonjwa wowote, kutokana na urithi ule ule unaozifanya chembe nyekundu zikose kipokezi cha Duffy, ambacho malaria ya vivaksi hukitumia kuingilia. Kwa mtu wa namna hiyo viwango vya tahadhari hushushwa, asije akanyang'anywa dawa inayomfaa. Kipimo kitarudiwa kabla ya Jumatatu, na koo litaangaliwa kila siku. Mama sasa ndiye anayeniuliza, "Leo askari wangapi?" na ninamtajia idadi.

Nimerudi kwenye himofilia jioni hii nikiwa na moyo mwepesi, na kurasa zilikuwa zinaingia vizuri hadi Baba alipopiga simu. Babati mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mbaazi bado ziko uwanjani, na turubai letu mjomba aliliazima tangu mwezi uliopita, hajalirudisha.