Asilimia 7.4

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwezi wa Julai, nikiwa nimejifungia maabara na kanga mbili juu ya sweta, nilipiga hesabu kwa mara ya nne. Jibu likagoma kubadilika: 7.4. Nikaliandika kwenye daftari, nikalizungushia duara, kisha nikazungusha duara la pili juu ya lile la kwanza. Nje ukungu ulikuwa umeumeza Mlima Meru mzima, na kuku wa mlinzi walikuwa bado hawajashuka.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja cha Arusha, na kazi yangu ilikuwa kufundisha metali kunywa gesi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu kwenye daladala waliponiuliza ninasoma nini, na kwa kweli si uongo. Haidrojeni ukiikutanisha na oksijeni ndani ya seli ya fueli inakupa umeme na maji, basi, hakuna moshi. Taabu ni kuibeba. Kilo moja tu, kwa presha ya kawaida ya hewa, inajaza zaidi ya meta 11 za ujazo, yaani chumba kidogo cha kupanga. Ndiyo maana magari ya haidrojeni kama Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, yanaishindilia kwenye matangi ya bari 700, yaani karibu mara 700 ya presha ya kawaida ya hewa. Ukitaka kuigeuza kimiminika, lazima uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Njia ya tatu ndiyo yangu: kuiacha ijipenyeze yenyewe ndani ya metali, ikae humo kama maji kwenye sifongo, na kutoka ikipashwa moto.

Metali yangu ilikuwa magnesiamu. Ni ya bei nafuu, ni nyepesi, na ikishiba haidrojeni asilimia 7.6 ya uzito wake wote inakuwa ni gesi. Hicho ndicho kikomo, kinatokana na uzito wa atomi zenyewe, hakuna ujanja wa kukivuka. Nilikikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Kuna aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya lanthanamu na nikeli inayokunywa na kutapika gesi katika joto la kawaida la chumba, bila kelele, lakini inabeba asilimia 1.4 hivi tu. Ukitaka kuendeshea gari, tangi lenyewe litakuwa mzigo wa lori. Magnesiamu inabeba sana ila ni mkaidi. Inakunywa polepole, na haiachii mpaka uifikishe karibu nyuzi 300, wakati seli za fueli za kwenye magari zinafanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi. Kwa hiyo joto linalotoka kwenye seli halitoshi kuiamsha.

Hilo la nyuzi 300 sikulidai. Mimi nilishughulika na uvivu tu. Unga wa magnesiamu unatiwa kwenye chungu cha chuma pamoja na goroli za chuma, kinu kinakitikisa kwa saa nyingi, na punje zinasagwa hadi gesi isiwe na safari ndefu kufika katikati. Ndani yake unatia kichocheo kidogo. Changu kilikuwa oksaidi ya niobiamu, kwa sababu mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba kidogo tu cha kitu hicho kinaifanya magnesiamu inywe na kuachia ndani ya dakika chache badala ya masaa. Mimi nilitia sehemu moja ya uzito kwa kumi. Kusaga kulichukua wiki mbili, kwa sababu umeme ulikatika mara nane, na kila ukikatika naanza kuhesabu upya. Hayo tuyaache.

Kupima ndiko kwenye hadithi. Unaweka nusu gramu ya unga kwenye kichupa cha chuma ndani ya tanuru la nyuzi 300. Pembeni, kwenye joto la chumba, kuna mtungi mdogo wa mililita 200 uliojazwa haidrojeni ya bari 10. Unafungua valvu. Unga ukinywa, presha inashuka, na kutokana na kushuka huko unajua umekunywa kiasi gani. Gesi yenyewe huioni wala huipimi kwenye mizani. Unapima kilichopungua, unasema kimeingia kwenye unga.

Usiku ule nilifungua valvu saa moja jioni. Ndani ya dakika kumi presha iliporomoka, kama nilivyotarajia. Halafu haikusimama. Mstari kwenye kompyuta uliendelea kuteremka taratibu, taratibu, usiku kucha. Na mimi nilikuwa na maelezo yake tayari! Punje ya magnesiamu inapoanza kunywa, hujenga ganda la haidraidi, yaani magnesiamu iliyokwisha shiba haidrojeni, kwa nje, na gesi hupita kwa shida kwenye ganda hilo kuelekea kwenye kiini. Ni jambo la kweli, limo vitabuni. Nikajiambia: viini vinashiba sasa. Nikalala kwenye kiti nikiwa na raha ambayo sijawahi kuipata tena maabara.

Alfajiri nikamtumia ujumbe msimamizi wangu aliyekuwa safarini. Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai: “Hongera. Tupu umepima?”

Kupima tupu ni kurudia jaribio zima, tanuru, presha, muda ule ule, ila kichupa hakina unga. Nilisoma ujumbe huo, nikaona neno hongera tu. Siku hiyohiyo, Ijumaa, nikatuma muhtasari wa kazi yangu kwenye mkutano mmoja wa kisayansi, namba 7.4 ikiwa kwenye sentensi ya pili. Kinachoniuma ni kwamba katika sura ya pili ya tasnifu yangu nilikuwa nimewacheka watu. Mwaka 1998 kundi moja la watafiti lilitangaza kwamba nyuzi laini za kaboni zinahifadhi haidrojeni zaidi ya asilimia 60. Maabara nyingine zikajaribu, zisione kitu. Niliandika aya nzima kwa sauti ya mtu mzima anayekemea watoto.

Jumamosi nikapanda Kosta kwenda Moshi kwa mama. Mama yangu anauza maharage na mahindi soko la Mbuyuni, ana meza yake tangu sijaanza darasa la kwanza. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo, nikamwamkia, nikavuta kigoda nisaidie. Nikashindwa kunyamaza.

“Mama, ule unga wangu umekubali.”

“Umekubali nini?”

“Kunywa gesi. Kwenye kila gramu 100, saba na nusu kasoro ni gesi. Mwisho wake duniani ni saba na nusu na kidogo.”

“Hongera mwanangu.” Mkono wake haukusimama. “Ni unga mtupu huo?”

“Hapana, nimechanganya na dawa. Sehemu moja kwa kumi. Ndiyo inayoufanya unywe haraka.”

“Na hiyo dawa nayo inakunywa?”

“Hainywi. Inasaidia tu.”

Hapo ndipo aliponitazama. Akaokota kokoto kwenye ungo, akaitupa nyuma ya meza. “Sasa hiyo saba na nusu umeipimia sado nzima, au umeipimia maharage tu?”

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Mteja akaja, mama akainuka kumpimia, akajaza sado mpaka ikawa na kilima, na mimi nikabaki na ungo mapajani nikipiga hesabu kichwani. Gramu 100 za unga wangu: 10 ni niobiamu na oksijeni yake, mizigo tu. Magnesiamu ni 90. Hizo 90 zikishiba hadi ya mwisho zinabeba gramu saba na nusu hivi. Gawanya kwa uzito wote, unapata asilimia 6.9 na ushee. Sikuwa chini ya kikomo. Nilikuwa juu yake kwa nusu asilimia, na nilikuwa nimeshautangazia ulimwengu.

Mama aliporudi alidhani naumwa. Jioni alipika kiburu, nikala kama mgeni.

Jumatatu asubuhi nikamtafuta fundi wetu wa maabara, mzee ambaye alikuwa karibu kustaafu, na ambaye wanafunzi tulimwamkia shikamoo kisha tukaendelea na mambo yetu. Hakuniuliza kwa nini. Tulifunga kichupa kitupu, tukajaza mtungi bari 10, nikasubiri usiku kucha. Asubuhi presha ilikuwa imeshuka. Hapakuwa na unga hata punje moja, lakini kuna kitu kilikuwa “kimekunywa” zaidi ya nusu bari.

Sehemu ya kwanza ya wizi niliikuta ukutani. Kipimajoto kilikuwa kinaning’inia pale miaka yote. Saa moja jioni, watu wakiwa bado ndani na tanuru za jirani zikiwaka, chumba kilisoma nyuzi 24. Alfajiri kilisoma 13. Gesi ikipoa kwenye chombo kilichofungwa presha yake inashuka, somo la sekondari. Kwa nyuzi 11 na mtungi kama wangu ni karibu bari 0.3. Nilikuwa nimeihesabu baridi ya Julai ya Arusha kama haidrojeni.

Sehemu ya pili ilihitaji sabuni. Mzee alikoroga sabuni kwenye kikombe, akafungua madirisha yote, akachukua brashi ya kunyolea ndevu na kuanza kupaka povu kwenye kila kiungo cha bomba, kimoja kimoja, akisubiri kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu, chini ya geji, likatokea povu moja la ukubwa wa punje ya mtama, likavimba, likapasuka, likaanza tena.

“Nani alifunga hapa?”

“Mimi, mzee.”

“Pete ulibadilisha?”

Ile pete ya shaba inayokaa katikati ya kiungo hutumika mara moja. Ukiikaza inajibana na kuchukua umbo. Ukiifungua na kuirudisha, haishiki tena vilevile. Nilijua. Mpya huagizwa nje na huchukua wiki kadhaa, nami nilikuwa na haraka, na nilipoijaribu kwa hewa ya kawaida kiungo kilionekana kimetulia. Haidrojeni ina molekuli ndogo sana na haina huruma ya hewa ya kawaida. Nikamweleza mzee hayo yote. Akaifuta brashi yake, akasema, “Wewe ulitaka kujua kama inavuja, au ulitaka ikuambie haivuji?” Kisha akaenda kunywa chai.

Barua ya kuondoa muhtasari ilikuwa na mistari mitatu, na iliniuma kuliko tasnifu nzima. Msimamizi, aliporudi, hakulitaja jambo hilo hata kidogo. Aliniwekea tu mezani mfuko wa pete mpya.

Nilirudia jaribio mwezi wa Agosti. Kipimajoto nilikitoa ukutani nikakifunga kwenye mtungi wenyewe kwa uzi wa chandarua, na sikuiachia kompyuta kazi yote. Kila nusu saa niliandika kwa mkono presha upande huu, joto upande huu, ili hesabu ya baridi nije kuitoa. Nilikuwa nimebeba blanketi na chupa ya chai ya tangawizi. Saa moja jioni nikafungua valvu. Mstari ukaporomoka kwa dakika nane hivi, halafu ukapinda, ukalala.

Saa tatu, baada ya kutoa baridi, palepale. Saa sita palepale. Saa tisa usiku mbwa wa jirani walikuwa wanabweka, chumba kimefika nyuzi 14, na mstari uliosahihishwa ulikuwa bado haujasogea. Nikapiga hesabu mara moja, nikagawanya kwa sado nzima, kokoto zikiwamo. Nikaandika 5.6 na tarehe, bila duara.