Medali ya shaba isiyo na shaba

Binti yangu kashika nafasi ya tatu mita 400, karudi hapa Chang'ombe, Dodoma, na medali ya shaba shingoni. Jirani yetu mnunuzi wa vyuma chakavu akatoa sumaku yake. Tap! Ikanasa. "Shemeji, hiki chuma kimepakwa rangi. Shaba hainaswi na sumaku."

Nikabaki nawaza hili neno. Waya wa umeme ni shaba. Sanamu ya Askari pale Dar, ya mwaka 1927, nayo tunaiita shaba, kumbe ile ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. (Siyo bati la kuezekea jamani, hilo nalo ni chuma!)

Mwenyewe hana habari. Kalala nayo.