Namba 61

Hii ilinipata Aprili 2023, Ijumaa tarehe 28, masika imeshika Nairobi vile huwa inashika mwezi wa nne, niko kwa keja yangu Kahawa West na apu ambayo Jumapili saa nane mchana lazima iwe kwa simu za wamama ishirini na wawili.

Apu ilikuwa ya chama cha mama. Tangu niko shule ya msingi wamekuwa wakiandika michango kwa kitabu kimoja cheusi cha kava ngumu, kikijaa wananunua kingine, na kila mwisho wa mwezi lazima kuwe na mjadala wa nani alituma na M-Pesa, nani alileta mkononi na nani anadaiwa faini ya kuchelewa. Nilianza kuiandika Oktoba 2021 na nilichagua Flutter kwa sababu moja tu: karibu wote wako na Android, lakini mweka hazina ana iPhone aliletewa na mtoto wake kutoka Marekani, na mimi na kazi yangu ya mchana singeweza kuandika kitu kimoja mara mbili. Na Flutter unaandika mara moja, inatoka ya Android na inatoka ya iPhone. Hiyo ni kweli kabisa, upande wa kuandika. Penye huwa panauma ni kule chini, kwa zile programu zinachukua kile umeandika zinakigeuza kuwa apu, kama Gradle na ile Java inayoiendesha, na huko hakuna mwalimu aliwahi kutupeleka.

Alhamisi usiku kila kitu kilikuwa sawa. Nilibildi, yaani nikageuza kazi yangu kuwa apu, nikaweka kwa simu yangu, nikatuma mchango wa kujaribu, ukaingia. Ijumaa nikitoka kazi nikafungua Android Studio, ile programu ya kutengenezea apu za Android, ikaniambia kuna apdeti, vesheni mpya inaitwa Flamingo, nikabonyeza ndio, nikaiacha ikidaunlodi nikashuka kununua sukuma na nyanya kwa mama mboga. Kurudi, imemaliza. Nikabildi.

Haikubildi.

Skrini yote nyekundu, maandishi mengi ya kutisha, na mahali fulani katikati yamesema "Unsupported class file major version 61". Sasa mimi nikaona 61 nikajiambia hiyo ni laini ya 61. Nikafungua faili la build.gradle la apu, lile la maagizo ya kubildi, nikahesabu hadi laini ya 61, nikapata mabano ya kufunga tu. Nikayafuta nikayaandika tena. Nikafungua lile build.gradle lingine la nje, hata halifikishi laini hamsini. Hapo nikaanza kuingiwa na baridi tumboni kwa sababu sijagusa kitu tangu jana, yaani sijabadilisha hata nukta kwa kazi yangu, na bado imekataa.

Kile nilifanya baada ya hapo ndio bado kinaniuma. Nikatafuta mtandaoni na ushauri wa kwanza, wa pili na wa tatu ulikuwa mmoja: fanya flutter clean, amri ya kufuta mabaki ya kubildi, futa folda ya .gradle yote, anza upya. Nikafuta. Hiyo folda ndio keshi, penye Gradle huweka vitu imedaunlodi, na ilikuwa imebeba giga kadhaa, vimekusanyika pole pole kwa mwaka na nusu, na nilipobildi tena Gradle ikaanza kuzivuta zote kutoka intaneti, na mimi wakati huo sina wifi, natumia hotspot ya simu, bando ya kununua. Nikaangalia giga zikiisha kama maji kwa ndoo imetoboka. Saa nne usiku bando imeisha, nikakopa salio la Okoa Jahazi, nikanunua ingine, ikaendelea, na mwisho wa yote ikanipa lile kosa lile lile. Namba 61.

Nataka kusema hii kitu wazi kwa sababu naona watu wakiambiwa kila siku. Kumwambia mtu afute keshi ni ushauri wa mtu ako na fiba nyumbani. Kama mtandao wako ni wa kulipia kwa giga, kufuta kunafaa kuwa hatua ya mwisho, baada ya kujua kwa hakika kwamba kilichoharibika kiko ndani ya hiyo folda. Kwangu hakikuwa hapo. Nilifuta vitu vizima nikavinunua tena.

Saa tano hivi mvua ikanyesha ile ya nguvu, stima ikapotea mtaa mzima. Laptopu yangu ni ex-UK, yaani ya mitumba, nilinunua mtaa wa Luthuli, betri yake ikishika sana ni dakika arobaini, kwa hivyo nikaifunga. Nikakaa kwa giza na simu nikamwandikia dada mmoja tulisoma naye chuo, yeye ni wa Mombasa na alirudi huko, anaandika apu za kampuni ya mizigo. Nikamtumia picha ya skrini.

Akajibu, "Ndugu yangu, hii picha umenikatia. Nataka yote, na nataka sana pale chini paliposema Caused by."

Nikamwambia laptopu nimezima, stima hakuna.

"Basi hebu nieleze, hiyo 61 wewe waielewaje?"

Nikamwambia nilidhani ni laini.

"Si laini. Toa arubaini na nne."

Nikatoa. Kumi na saba.

"Haya, hiyo ni Java 17. Kila Java ikiandika faili lake huweka namba mbele. Java 8 huweka 52, Java 11 huweka 55, hii 17 huweka 61. Sasa huyo anayelalamika ni mtu mwingine aliyepewa faili la Java 17 alisome naye hajafika huko. Wewe Gradle yako ni ngapi?"

Sikuwa najua. Mwaka na nusu naitumia kila siku na sikuwa najua ni vesheni gani. Lakini Java yangu nilikuwa naijua, na hapo nikabisha. Nilikuwa nimeweka Java 11 kitambo kwa Ubuntu, nimeandika vizuri JAVA_HOME, ile huonyesha mashine Java iko wapi, na hata jioni hiyo hiyo niliuliza terminali java -version ikanijibu 11. Nikamwambia hakuna Java 17 kwa mashine yangu.

"Iko. Stima ikirudi fanya flutter doctor, lakini uweke -v nyuma, kisha usome pale palipoandikwa Java binary at. Usiniamini mimi, soma."

Stima ilirudi saa tisa usiku kasoro. Niliamka nikisikia friji ya jirani ikianza kunguruma. Nikawasha, nikaandika flutter doctor, amri ya kukagua kama kila kitu kiko sawa, bila -v, ikanipa tiki za kijani zote na chini ikasema hakuna shida yoyote. Hiyo nilikuwa nimeiona jioni na ndio ilinipoteza kabisa, maana daktari mwenyewe amesema mgonjwa ni mzima. Nikaongeza -v. Sasa ikaandika kila kitu kirefu, na hapo kwa sehemu ya Android nikaona njia ya folda inaenda ndani ya android-studio, jbr, bin, java. Na laini inafuata: 17.

Yaani Android Studio hubeba Java yake ndani, na Flutter ikiiona hutumia hiyo kwanza, kabla hata ya kuangalia JAVA_HOME yako. Ile Java 11 nilikuwa nabadilisha na kuhakikisha kwa terminali ilikuwa haihusiki na chochote. Zamani Studio ilikuwa imebeba 11, kwa hivyo zilikuwa zinafanana na sikuwahi kugundua kwamba ni mbili. Flamingo ilipoingia ikaja na 17. Mimi ndio niliikaribisha nikienda kununua sukuma.

Nikafungua folda ya android, gradle, wrapper, kuna kafaili kadogo hapo kanaitwa gradle-wrapper.properties ambako sikuwa nimewahi kufungua. Gradle 6.7. Hiyo ndio Flutter iliniwekea 2021 nilipoanzisha projekti, na ikabaki hapo tu huku mimi naapdeti kila kitu kingine. Gradle 6.7 inajua Java mpaka 15. Kusoma 17 kunaanzia Gradle 7.3. Basi. Hiyo ndio ilikuwa siri yote, na iko kwa laini moja.

Nikaandika 7.5 mahali pa 6.7. Na kitu kingine dada alinifunza asubuhi, mwisho wa anwani ya kudaunlodi Gradle kwa hako kafaili kulikuwa kumeandikwa all, akaniambia weka bin, kwa sababu all inakuja na maelezo na vyanzo vyote ambavyo hutavisoma, bin ni ile ya kufanya kazi peke yake na ni ndogo. Natamani ningejua hiyo usiku uliopita.

Kubildi sasa ikapita 61 ikakwama mbele. Lakini ilikwama tofauti, na mtu ambaye hajakaa na hivi vitu anaweza kudhani ni kitu kimoja, kumbe kosa jipya ni habari njema, umesonga. Ile plagini ya Android ya Gradle, ndio hufunza Gradle kubildi apu za Android, ilikuwa 4.1.0, ya zamani sana kwa Gradle 7, nikaipeleka 7.2.0. Ikakataa tena, Kotlin, lugha nyingine apu za Android hutumia, yangu ni 1.3.50, inataka mpya, nikaweka 1.7.10. Ikakataa tena, na hii ilinichukua karibu saa mbili, maktaba moja ya kutuma SMS niliyokuwa nimeichukua 2021 ilikuwa imetumia neno compile kwa faili lake, na hilo neno Gradle 7 ililitoa kabisa, siku hizi ni implementation. Singeweza kurekebisha mkononi kwa sababu hiyo faili si yangu, nikirekebisha itafutika tu nikidaunlodi upya, ikabidi nitafute vesheni mpya ya hiyo maktaba na kubadilisha sehemu mbili tatu za kazi yangu ziendane nayo. Kila mara nilikuwa nafanya kitu kimoja tu, nabildi, nasoma chini kwa Caused by, naandika kwa karatasi nilibadilisha nini, kisha kingine. Polepole, lakini sikurudi nyuma hata mara moja.

Jumamosi saa kumi jioni simu yangu ikatetemeka kwa kebo na apu ikafunguka. Sikupiga kelele wala nini, nilikaa tu nikaiangalia. Nikampigia dada wa Mombasa, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa hayo uliyoyaandika kwa karatasi yatie ndani ya projekti, Java gani, Gradle gani, plagini gani, Kotlin gani, na tarehe. Mwaka ujao utasahau." Nikaandika vivyo hivyo, Java 17, Gradle 7.5, plagini 7.2.0, Kotlin 1.7.10, tarehe 29 Aprili 2023.

Jumapili tulikutana kwa mama, Wendani. Ilichukua masaa mawili kuwawekea wote wa Android, wengine simu zao zimejaa picha na video za WhatsApp hakuna nafasi, mmoja ilibidi tufute vitu na ruhusa yake kimoja kimoja. Mweka hazina alikaa kando na kitabu chake cheusi kwa magoti akilinganisha kila namba. Zilikuwa zinafanana. Kisha akaniangalia akaniuliza, "Na yangu je, mwanangu?"

Ya iPhone haibildiki bila Mac, hakuna njia ya kuzunguka hiyo, Xcode, programu ya Apple ya kubildi, inakaa kwa Mac tu. Wikendi iliyofuata nikapanda mat hadi tao, nikashika ingine ya Kilimani kwa rafiki yangu ako na MacBook, mweka hazina amenipa simu yake niibebe kwa siku nzima, na hiyo ni imani kubwa mtu kukupatia. Huko pia kulikuwa na makosa yake, CocoaPods, ile huleta maktaba za upande wa iPhone, ilikuwa inataka nipandishe vesheni ya chini kabisa ya iOS, lakini hiyo nilisoma mwisho kwanza na nikamaliza kabla ya chai. Shida ni kwamba kwa akaunti ya Apple ya bure, apu uliyoweka mwenyewe inaishi siku saba tu kisha inakataa kufunguka. Nilimweleza mapema. Siku ya nane asubuhi akanipigia, "Imefunga, kama ulivyosema." Nikaenda Kilimani tena, na wiki iliyofuata tena.

Kikao cha Juni mama mmoja akasimama akauliza hiyo akaunti ya Apple ya kulipia ni pesa ngapi. Nikasema dola 99 kwa mwaka. Wakanong'onezana, wakapiga hesabu kwa kichwa kila mtu atatoa ngapi, wakainua mikono. Mweka hazina akafungua apu kwa simu ya mama, kwa sababu yake ilikuwa imefunga tena jana yake, akaenda upande wa matumizi ambao ulikuwa bado hauna kitu, akaandika hiyo ya kwanza.